Kutoka ofisini hadi kwenye ndoo za maua: mwongozo wa kuanza biashara ya maua Nyanda za Juu Kusini

Baridi ambayo muuza maua wa Dar es Salaam anailipia umeme, Mbeya, Njombe na Mafinga wanaipata bure. Rozi ikikatwa Uyole jioni ya mwezi Juni na kulazwa kwenye ndoo ya maji safi, ndani ya chumba kisichopigwa na jua, asubuhi unaikuta imesimama na tumba lake bado limefumba. Pamoja na neema hiyo, kumbi nyingi za harusi za huku zinapambwa kwa maua ya plastiki, na mashada mengi tunayowazika nayo wapendwa wetu ni ya karatasi na nailoni. Naamini kabisa kwamba watu wetu wanastahili maua yenye uhai, na kwamba mtu wa huku huku anaweza kuyafanya yawe kazi ya kumlisha.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana kazi: mwalimu, karani wa benki, muuguzi, mhasibu wa kiwanda cha mbao, anayetaka kuhamia kwenye maua bila kuiweka familia yake njaa. Hatua zote zinategemea jambo moja: usianze na fremu ya duka. Kodi ya fremu inadaiwa hata wiki ambayo hakuna aliyenunua ua. Anza na mteja wa kila wiki, hata akiwa mmoja, huku mshahara ukiendelea kuingia.

Hatua ya 1: Chagua kazi unayoingia

Wengi husema "biashara ya maua" wakimaanisha kazi tatu tofauti. Kuna kulima maua. Kuna kuyatengeneza, yaani kuyanunua au kuyavuna, kuyatunza, kisha kufunga mashada, shada la bibi harusi, maua ya altare na ya mezani. Na kuna kupamba ukumbi, kazi ya vitambaa, viti, taa, jukwaa na gari la kubebea yote hayo.

Upambaji wa ukumbi unataka mtaji mkubwa, na tayari una watu wake katika kila mji. Kilimo kinataka ardhi, maji na uvumilivu. Kutengeneza ndiko mahali pa kuanzia kwa mtu mwenye ajira, kwa kuwa kunahitaji meza, ndoo, kisu kikali na mikono iliyofundwa. Tena wapambaji wa ukumbi wanageuka kuwa wateja wako, kwa sababu wengi wao hawapendi usumbufu wa maua mabichi na watafurahi kumpata mtu wa kuwaletea yakiwa tayari. Jitolee kumsaidia mpambaji mmoja Jumamosi kadhaa, na uingie kwenye kikundi cha akina mama wanaopamba altare kanisani kwako. Huko utajifunza zaidi ya video yoyote, kwa sababu utayaona maua yakichoka mbele ya macho yako na kujua ni kwa nini.

Hatua ya 2: Jifunze kulifanya ua likae

Hapa ndipo biashara inaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ua lililokatwa bado linakunywa. Linalolimaliza mara nyingi ni bakteria wanaoziba mishipa ya shina, na hao wanatoka kwenye ndoo chafu na majani yanayoozea majini. Osha ndoo kwa sabuni na jiki kila zinapomwagwa, na uzisugue mpaka utelezi wote utoke. Jipime hivi: kama hungeyanywa maji yaliyokaa kwenye ndoo hiyo, usiyanyweshe maua.

Kata maua alfajiri au jioni, si saa saba mchana. Tumia kisu kikali au mkasi wa kupogolea, maana mkasi butu unaiponda mishipa. Kata kwa mshazari ili shina lisikalie sakafu ya ndoo likajiziba. Ondoa majani yote yatakayozama. Kisha yaache maua yanywe kwa saa kadhaa, au usiku kucha, mahali pa baridi na kivuli, kabla hujayagusa kuyapanga. Wanaoanza huruka hatua hii, halafu shada linainamisha vichwa katikati ya ibada.

Chakula cha maua unaweza kukitengeneza jikoni. Kwa lita moja ya maji weka kijiko kimoja cha chai cha sukari, vijiko viwili vya chai vya maji ya limao na robo kijiko cha jiki. Sukari inalisha, limao linayafanya maji yawe na ukali kidogo ili yapande vizuri kwenye shina, na jiki inazuia bakteria. Tia kila kimoja ndani ya maji peke yake. Usichanganye limao na jiki bila maji kwenye kikombe kimoja, kwa kuwa vinatoa gesi inayoumiza kifua.

Kuna hatari moja inayotuhusu sana sisi wa huku. Ndizi na parachichi zinapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo inazeesha maua haraka, hasa karnesheni. Nyumba za Tukuyu na Njombe hazikosi mkungu pembeni au gunia la parachichi linalosubiri mnunuzi. Chumba cha maua kisiwe stoo ya matunda. Na unapotuma mzigo kwa basi, muulize kondakta buti ina nini kabla hujaweka boksi lako.

Kila ua lina tabia yake. Gladiola ikatwe wakati ua moja au mawili ya chini yameanza kuonyesha rangi, na isafirishwe ikiwa wima, kwa sababu ukiilaza ncha zake hujipinda kuelekea juu na hazinyooki tena. Haidrenjia ikinyauka, zamisha kichwa chake chote kwenye maji baridi. Mara nyingi inaamka. Kala haikatwi, inavutwa kutoka chini, na utomvu wake unawasha, kwa hiyo vaa glavu. Maua ya joto kama helikonia na anthuria, yanayopenda hali ya hewa ya Kyela, hayataki kukaa kwenye nyuzi chini ya 12. Usiku wa Julai yatoe kwenye chumba cha baridi uyahamishie ndani ya nyumba. Rozi ni kinyume chake, zinafurahia baridi ya nyuzi 2 hadi 4.

Nunua maua machache ya aina moja, yagawe kwenye ndoo mbili zenye matunzo tofauti, kisha andika siku kila ua lilipoanguka. Daftari hilo litakupa ujasiri wa kumwambia mteja, "Haya yatafika Jumapili," ukiwa na uhakika.

Hatua ya 3: Jua maua yanatoka wapi

Mashamba makubwa ya maua ya nchi hii yako upande wa Arusha, na rozi za kule zinaweza kukufikia kwa basi kupitia Dodoma na Iringa, au kwa ndege hadi uwanja wa Songwe uliofunguliwa mwaka 2012. Zipokee stendi wewe mwenyewe. Zikifika, fungua boksi papo hapo, kata sentimita mbili za mashina na uzinyweshe kwanza.

Lakini usijifunge kwa rozi za mbali. Tembea maeneo yako ukiwa na jicho la kazi. Kala zinapenda mabonde yenye maji. Haidrenjia zinastawi kwenye udongo unaopendwa na chai, Mufindi, Njombe na Rungwe, na kwa sababu udongo huo una asidi, maua yake huelekea buluu, rangi ambayo maharusi wengi huitafuta. Mikaratusi imejaa kila kona, na majani yake ya kijivu ni kijazio kizuri kuliko vingi vinavyouzwa ghali. Iringa kuna mianzi. Ukipasua vizuri unapata stendi ya shada na vyombo vya mezani. Ile poinsetia nyekundu ya kwenye uzio, ambayo kwenye kadi za Ulaya ni ua la Krismasi, huku kwetu huwa nyekundu katikati ya mwaka, siku zinapokuwa fupi. Itumie Juni, wala usimwahidi mtu Desemba.

Ongea na akina mama wenye maua uani. Wape bei kwa shina, wafundishe kukata alfajiri, lipa siku hiyo hiyo kwa simu. Wakulima wa pareto wa Makete na Njombe wameshazoea kuvuna ua likiwa katika hatua yake, na mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini tumba lililochanua kupita kiasi halifai.

Kitulo hapaguswi. Ile ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu, na ina aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini. Okidi za nyanda hizi tayari zimeteswa na uchimbaji wa viazi vyake, vinavyopelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Nenda ukaangalie kati ya Desemba na Machi, jifunze rangi zinavyokaa pamoja, kisha rudi mikono mitupu. Hata nje ya mipaka ya hifadhi, usichume okidi za porini.

Hatua ya 4: Tafuta mteja wa kila wiki

Bibi harusi anakuja mara moja. Altare inahitaji maua kila Jumapili, mapokezi ya hoteli kila Jumatatu, na ofisi ya mkurugenzi haitaki ua lililonyauka mezani. Wateja hawa ndio wanaofanya ununuzi wako uwe wa uhakika: ukijua kila Alhamisi unahitaji mashina 60, mkulima atakutengea, na basi litakuzoea.

Anza na parokia au usharika wako. Usiende na maneno. Peleka shada moja la altare bure, lililotengenezwa vizuri, ukiwa umelinywesha usiku kucha. Jumapili inayofuata rudi ulione, ulipige picha likiwa bado zima, kisha nenda kwa mweka hazina na bei ya mwezi. Hotelini fanya hivyo hivyo, ila kule omba kuzungumza na meneja siku za katikati ya wiki, asubuhi.

Msiba ndio kazi yenye uzito kuliko zote. Simu inaingia usiku, mazishi ni kesho saa nane, na mashada yanatakiwa matano: la familia, la wajukuu, la kazini, la kwaya, la majirani. Weka fremu za waya au za mwanzi tayari ukutani, majani ya kijani ya siku mbili tatu kwenye ndoo, na riboni za kuandikia majina. Ongea taratibu. Uliza jina la marehemu na uandike herufi kwa herufi, kisha msomee aliyepiga simu. Jina likikosewa kwenye riboni, hakuna uzuri wa ua unaolifuta kosa hilo machoni pa wafiwa. Na usipandishe bei kwa sababu ni usiku na hawana pa kwenda. Watu wa huku wanakumbuka nani aliwatendea nini wakati wa msiba.

Kalenda yako ifuate ya makanisa. Wakati wa Kwaresima altare za Kikatoliki hazipambwi kwa maua isipokuwa Jumapili ya nne, sikukuu na maadhimisho makubwa, na harusi hupungua kwa Wakatoliki na kwa Walutheri wengi. Ni wiki sita za mapato madogo. Angalia tarehe mapema kila mwaka, maana zinahama: mwaka 2024 Jumatano ya Majivu iliangukia 14 Februari, siku ile ile ya Wapendanao. Kisha Pasaka inakuja na kila kanisa linataka maua kwa mkupuo. Kuna Siku ya Mama Jumapili ya pili ya Mei, harusi za kiangazi baada ya mavuno, komunyo, kipaimara, mahafali, na Desemba ambapo watu wamerudi nyumbani kutoka mijini na kila Jumamosi ina sherehe mbili.

Hatua ya 5: Panga bei inayokulipa

Chukua mfano, tarakimu ni za kujifunzia tu. Umenunua mashina 100 kwa shilingi 50,000. Kumi na tano yamefika yamevunjika au yameoza. Shina lililobaki halikugharimu 500 tena. Limekugharimu kama 590. Shada la altare la mashina 20 basi ni 11,800. Ongeza majani 2,000, sponji ya maua 3,000, bodaboda 3,000, na saa mbili za kazi yako 6,000. Umefika 25,800 kabla hujapata faida. Weka asilimia 30 ya kulipia simu, ndoo, maji na ukuaji wa biashara, unapata kama 33,500.

Anayehesabu mashina peke yake atataja 20,000 na kuona fedha yake imerudi mara mbili. Kumbe kila Jumapili anatoa mfukoni, na mshahara wa ofisini ndio unaoficha hasara hiyo. Jilipe saa zako tangu siku ya kwanza, hata kama fedha hiyo unaihamishia tu kwenye akaunti nyingine. Siku mshahara utakapokata, hutashtuka.

Sponji ile ya kijani ni ghali, na haiozi. Wavu wa kuku uliokunjwa ndani ya bakuli unashika maua vizuri, unaoshwa na kutumika tena. Mimi ningeuchagua huo kwa kazi zote za kanisani.

Hatua ya 6: Karatasi

Hapa si pagumu. Namba ya mlipakodi, TIN, inatolewa na TRA bila malipo. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Leseni inatoka kwenye halmashauri yako, iwe Jiji la Mbeya, Manispaa ya Iringa au miji kama Njombe, Makambako na Mafinga. Hoteli na taasisi hazitakulipa bila risiti, kwa hiyo usisubiri kukua ndipo urasimishe. Kama uko kwenye kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, ulizia mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mgawo wake ni 4, 4 na 2. Ukitaka kuingiza vitunguu vya kupandia vya gladiola au mbegu kutoka nje ya nchi, kibali kinaombwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea.

Hatua ya 7: Harusi ya kwanza

Kamati ya harusi ina watu wengi na kila mmoja ana maoni yake. Mwombe mwenyekiti akutajie mtu mmoja tu wa kuzungumza naye. Andika idadi: shada la bibi harusi, la msimamizi, maua ya koti mangapi, meza ngapi, gari, altare. Chukua nusu ya malipo kabla ya kuagiza maua, na nusu iliyobaki kabla ya siku ya sherehe. Baada ya sherehe kamati huvunjwa, na deni lako linabaki halina mwenyewe.

Rangi za harusi mara nyingi huchaguliwa kutokana na kitambaa. Omba kipande cha kitambaa chenyewe, kwa sababu picha ya simu inadanganya rangi. Kama ua la rangi hiyo halipatikani msimu ule, sema siku hiyo hiyo na upendekeze jingine. Na uongeze asilimia 10 hadi 15 ya mashina juu ya hesabu yako, maana kutakuwa na kaka wa bwana harusi ambaye hakuna aliyemkumbuka.

Hatua ya 8: Robo eka yako

Ukishakuwa na wateja wa kila wiki, ndipo ulime, ukilima kile unachokinunua sana. Pima udongo kwanza. Ulizia TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo. Maji ndiyo yatakayokuamulia ukubwa wa shamba: mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili, na kuanzia Mei unategemea mfereji, kisima au tanki.

Anza na maua ya haraka. Zinia na alizeti za mapambo hutoka ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Gladiola huchukua takribani siku 80 hadi 100, baridi ikizidi huchelewa. Panda tuta dogo kila baada ya wiki mbili ili usivune yote siku moja. Statisi ina faida ya ziada, kwani ikikauka inabaki na rangi yake, na utaiuza hata wiki ambayo bustani imekataa. Rozi zije baadaye. Ili zichanue kwa ajili ya 14 Februari, zipogolewe mapema Desemba, kwa kuwa chipukizi linahitaji wiki saba hadi tisa kufika kwenye ua, na kwenye baridi kali zaidi ya hapo. Lakini huo ni msimu wa mvua, na ukungu hupenda tumba lililolowa. Paa la nailoni juu ya matuta ya rozi si anasa huku kwetu.

Juni hadi Agosti sehemu za Makete, Njombe na miinuko ya Mbeya hupata sakitu, yaani umande unaoganda. Funika matuta jioni kwa nyasi au nyavu, na usilime bondeni kabisa, ambako hewa ya baridi hukusanyika.

Hatua ya 9: Barua ya kuacha kazi

Usiiandike kwa sababu umemchoka bosi. Iandike pale ambapo, kwa miezi sita mfululizo ikiwemo Kwaresima, maua yamelipa saa zako, gharama zake, na angalau nusu ya kile unachopeleka nyumbani kutoka kwenye mshahara, na pembeni una akiba ya miezi minne ya chakula, kodi na ada. Mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii usiyaweke kwenye hesabu ya mtaji. Yana masharti yake na hayaji siku unayoyataka.

Kwa ajira binafsi ya mshahara wa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, ila mkataba wako unaweza kutaka zaidi, usome. Mtumishi wa umma ana taratibu zake na aanzie kwa afisa utumishi. Zungumza na mwenza wako akiwa ameliona daftari la hesabu, si picha za maua peke yake.

Wakati mzuri wa kutoka ni baada ya Pasaka. Toa notisi Aprili, umalize Mei. Mvua zinakatika, barabara za vijijini zinapitika, harusi za kiangazi zinaanza kuandaliwa, na una miezi sita ya kujipanga kabla ya Desemba. Siku ya mwisho ofisini, mwachie anayepokea kazi yako kila kitu kikiwa sawa, kisha muulize meneja kama mapokezi yao yana mtu wa kuwaletea maua Jumatatu.